Wimbo Ulikuwa wa Nani

Leo hapa Marina, ughaibuni ninakofanya kazi, wanamuziki wa hoteli wamewasha spika, na vumbi lililopata moto ndani yake limenuka kama stoo yetu ya mahindi kule nyumbani. Tangu hapo situlii. Madam, bosi wangu, ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Kaka na rafiki yake walipiga muziki wa roki mle stoo. Majirani waliuita kelele za shetani, kisha wakaanza kuja kuchungulia, mwishowe bendi ikaitwa kupiga kwenye ukumbi wa mjini. Wiki hiyo hiyo wakagombania wimbo uliopendwa zaidi: nani aliutunga?

"Tumuulize hakimu wa magunia," rafiki alisema akicheka, maana kila mazoezi nilikaa juu ya magunia. "Sema tu ukweli, mdogo wangu."

Nikamtazama kaka, nikasema ni yeye. Labda nilikuwa sahihi, sijui. Rafiki alichomoa waya wa gitaa lake, akaukunja polepole, akaenda. Bendi ikaishia hapo.

Sitaki kumwonea mtu. Ila leo nikipanga glasi nimejikuta nauimba ule wimbo, na sauti niliyoisikia kichwani ikiuanza haikuwa ya kaka.