Jezi Namba Saba ya Kinu

Watu wa mtaa wa Ngokolo waliomjua Generoza zamani walimjua kwa mdomo wake. Alikuwa mjane, muuza karanga, Msumbwa wa Ushirombo aliyeletwa Shinyanga na mume wa huko huko kwao, na mjini hapakuwa na mama mwingine aliyeshabikia mpira wa kikapu kama yeye. Uwanja ulikuwa nyuma ya kinu cha kuchambua pamba: udongo ulioshindiliwa, nguzo mbili za mninga, ringi zisizo na nyavu. Timu nayo iliitwa Kinu, basi, bila madoido. Generoza alikuwa akikalia robota bovu la pamba kando ya mstari, beseni la karanga mapajani, akimsema mwamuzi kwa adabu zote. "Mwanangu, hayo macho uliyoazima, mrudishie mwenyewe." Hata waamuzi walikuwa wateja wake.

Mwanawe wa pekee, Otmar, ndiye aliyevaa namba saba. Kijana mrefu, mkimya, mwenye mkono mwepesi wa kufunga kutoka mbali. Masika ya mwaka themanini na tatu zikavuma habari kwamba Mwakitolyo machimbo yametema dhahabu. Otmar akaomba ruhusa kazini, akaenda, akaingia katika duara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mvua ikanyesha, duara likatitia. Wenzake wa Kinu walipanda lori la pamba wakaenda kumfukua kwa mikono na majembe, mpaka wakazuiwa kwa sababu upande wa pili nao ulikuwa unaanza kumeguka. Hawakumpata.

Generoza hakulia. Watu walikuja na machozi yao tayari, wakamkuta anachagua karanga, mbovu huku, nzima huku. Moyo wake ulikuwa kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi kabla ya kung'olewa jino: unajua kwamba jino ni lako na kwamba linavutwa, lakini husikii kitu. Alikwenda kanisani, alikwenda sokoni, na jioni za mechi alikwenda uwanjani kukalia robota lake. Mwamuzi akikosea, yeye alimtazama tu.

Shemeji yake, mzee Januari, kaka wa marehemu mumewe, akatuma neno kutoka Ushirombo. Padri amesoma misa, vizuri, hiyo ni ya roho. Lakini mwili nao una haki yake, na tanga la mtu asiye na kaburi halianuliwi. Itafutwe nguo yenye jasho lake, ambayo haijafuliwa, izikwe badala yake mwisho wa msimu wa pamba, kabla watu hawajaanza kulima. Generoza akafungua sanduku. Nguo zote za mwanawe alikuwa amezifua mwenyewe, mama mwema wa watu, akazikunja na kuzipanga. Ilibaki jezi tu, ambayo Otmar aliitupa chini ya kitanda baada ya mechi yake ya mwisho. Akaitundika msumarini ukutani.

Ndipo alipokuja Donatus, karani wa kinu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu. Alisifu karanga kwanza. Alisifu na chumvi yake. Halafu akasema wamepata mchezaji mpya, ila kitambaa cha jezi hakipatikani dukani hata kwa dawa, na bila namba mchezaji haruhusiwi kuingia uwanjani.

"Mchezaji gani?" akauliza Generoza.

"Maduhu."

Shinyanga nzima ilimjua Maduhu. Aliwahi kuiacha timu ya Kahama wakati wa mapumziko, aliposikia tu kuna machimbo yametema. Kipindi cha pili wenzake wakacheza wanne. Goti lake la kulia lilikuwa limewahi kupigwa na jiwe shimoni, na akikimbia lilikwenda kivyake. Kumtegemea mtu kama huyo kulikuwa ni kujitakia aibu, na Donatus alijua.

"Ataondoka nayo," akasema Generoza. "Ataivaa akaingie nayo shimoni. Mimi nitazika nini?"

"Ameniapia, Mama Otmar."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Huyo mama yake alimwona lini?"

Donatus akaangalia karanga. Lakini Generoza alikumbuka lile lori, na mikono ya vijana wale iliyorudi imechubuka, na hakuona angewanyima vipi. Akaitoa jezi kwa sharti: kila baada ya mechi irudishwe hapa, na isifuliwe kamwe. Donatus aliitikia mara mbili. Kisha kwa kuwa alikuwa na pamba ya kupima, wachezaji wa kusaka na mke mgonjwa, lile la kurudisha akamwambia Maduhu, lile la kufua akalisahau.

Mechi ya kwanza Generoza aliitazama ile saba ikipanda na kushuka mgongoni mwa mtu mwingine. Maduhu alichechemea, akafunga, akachechemea tena, akafunga. Watu walishangilia mpaka robota likatikisika. Yeye alikuwa akitazama jezi, si mpira.

Asubuhi Maduhu akaja mlangoni. "Shikamoo, mayu," akasema, kwa jina la Kisukuma la mama.

"Marahaba."

Akampa jezi kwa mikono miwili. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na ilinukia sabuni. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya foleni, watu walilala nje ya duka la ushirika kuisubiri.

"Nimeifua, mayu. Ilikuwa inanuka."

Generoza akaileta puani. Sabuni tupu. Akamweleza taratibu kilichokuwa ndani ya harufu ile, na ilikuwa ya kazi gani. Maduhu akakaa chini kizingitini, mikono kichwani. Generoza aliisubiri hasira ije. Alijua kwamba ni haki yake kabisa kumrukia kijana yule na kumpasua masikio kwa maneno. Haikuja. Akamchotea karanga.

"Kula," akasema. "Hukuambiwa."

Tangu siku hiyo Maduhu alirudisha jezi kila baada ya mechi, haikugusa maji, akaitundika mwenyewe msumarini. Akija alikuta ndoo tupu akaijaza, alikuta bati limelegea akalipigilia. Generoza akaanza kumbakizia ugali bila kujiuliza kwa nini. Lakini hakumwamini hata kidogo, wala hakumficha.

"Utaondoka lini?" alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Siondoki, mayu."

"Utaondoka."

Maduhu alicheka, akasugua goti lake. Kinu ikashinda, ikashinda tena, ikafika fainali na timu ya Isaka. Mji mzima ukasema Donatus ana akili. Wale wale waliomwita kichaa ndio waliokuwa wakimnunulia soda.

Asubuhi ya fainali Generoza alifungua mlango, akaikuta jezi imening'inizwa kwenye komeo kwa nje. Ilikuwa bado mbichi kwa jasho: jana Maduhu aliichukua kwenda nayo mazoezini. Jirani yake Klara alikuwa anafagia. "Kijana wako kapita alfajiri," akasema. "Wanasema upande wa Geita kumetema. Kapanda lori. Kasema nikwambie hivi: safari hii hakuifua."

Generoza akaingia ndani, akaitundika jezi msumarini. Ugali wa jana ulikuwa umefunikwa kwa sahani mezani.

Kinu ilifungwa na Isaka vibaya, ni aibu hata kusimulia. Watu walimlaani Maduhu na goti lake. Donatus alikuja jioni, akakaa bila kusifu chochote. "Ulisema," akamwambia.

"Nilisema," akajibu Generoza. Alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kweli hiyo haikumpa hata tone la faraja.

Wakaenda Ushirombo kuzika. Mzee Januari aliipokea jezi, akaisogeza puani mbele ya ukoo wote, maana ndivyo inavyothibitishwa.

"Ina jasho la mwanetu?"

Generoza akaitazama ile namba saba. "Ina jasho," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akailaza shimoni juu ya mkeka, akatupa udongo. Udongo ulipogonga mkeka, ganzi ile ikamwachia Generoza kwa mara moja. Alilia kilio cha kuangusha mtu, na wanawake wakamshika mabega, wakamwambia mlilie Otmar, mama, mlilie usibakize. Akamlilia Otmar mpaka sauti ikakauka.

Kisha akajifuta uso kwa upande wa kitenge, akageuka kwa waombolezaji mmoja mmoja, akiwauliza kama kuna yeyote aliyetoka upande wa Geita wiki ile, na kama kule mvua imeshaanza kunyesha.