Kisanduku cha Kabila

Siku hiyo naikumbuka kwa aibu, mwanangu, na wewe unayejifunza kuandika programu nataka uijue kabla hujaanza kujisifu kama nilivyojisifu mimi.

Ilikuwa Januari ya 2008, baada ya ule uchaguzi wa Kenya uliozua ghasia za kikabila. Watu waliochomewa nyumba Kibera, Nairobi, walikuwa wamekimbilia kanisa moja karibu na Soko la Toi, na kanisa lilitaka orodha yao ili ligawe mablanketi na dawa. Mimi, kijana wa Kawangware mwenye kompyuta na majivuno, nikajitolea. Programu niliiandika kwa siku moja: jina, umri, watoto, na kisanduku cha kabila. Hicho cha mwisho hakuna aliyeniomba. Nilikiweka kwa mazoea tu, kwa kuwa fomu nyingi nilizowahi kujaza zilikuwa nacho, na nikahakikisha kisipojazwa jina halihifadhiwi.

Akaja mama mmoja kutoka Lindi, mtaa mmoja wa humo Kibera, mtoto mgongoni ana homa. Nikamuuliza kabila kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Siku hizo watu walikuwa wakifukuzwa na kupigwa kwa sababu ya jibu la swali hilo hilo. Akajifanya anamtengeneza mtoto mgongoni. Nikauliza tena.

"Si uandike tu jina, kijana wangu," akasema polepole.

"Haiwezekani, mathe. Kompyuta imekataa."

Akawatazama waliokuwa nyuma yake, akakaza leso ya mtoto, akatoka getini bila dawa.

Mzee Mutiso, fundi cherehani aliyekuwa akigawa mablanketi, akaniinamia. "Kijana, na hiyo kompyuta ni nani aliiambia ikatae?"

Kukiondoa kile kisanduku hakukunichukua hata dakika mbili. Nikatoka mbio, nikamtafuta yule mama hadi Lindi, nikauliza mlango kwa mlango. Sikumpata. Mpaka leo sijui kama mtoto alipona, na naona haya hata kukuandikia.

Basi mwanangu, usimuulize mtu jambo ambalo kazi yako haina haja nalo. Kaa karibu na anayetumia programu yako, umtazame yeye usoni, uache kutazama skrini. Na ikimkatalia mtu, usimwambie kompyuta imekataa. Sema, "Nimekosea mimi," kisha urekebishe akiwa bado amesimama mbele yako.

Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, na akujalie yule utakayemkosea umpate angali yupo.