Mluguru wa Tabata

Nilipanda Uluguru kwa sababu ya uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wangu. Shule yetu ya sanaa, Dar es Salaam, ilikuwa inatengeneza filamu ya muziki kuhusu binti wa milimani anayepata nafasi katika shule kama yetu. Anakuja mjini na sauti yake, wenzake wanamcheka, na mwishowe anapanda jukwaani na kuwanyamazisha. Siku ya kuchagua waigizaji, Mwalimu Bakari, aliyeandika hadithi hiyo, aliuliza nani kati yetu ana asili ya Uluguru. Mkono wangu ulinyooka kabla sijaushauri.

"Bibi yangu mzaa mama ni Mluguru," nikasema. "Nyumbani kwetu Kiluguru tunakiongea kila siku."

Mimi nimezaliwa Tabata, wazazi wangu wote ni Wanyamwezi wa Tabora, na Kiluguru nilikuwa sijakisikia hata redioni. Nikapewa nafasi ya binti. Nilifurahi kwa wiki mbili nzima, mpaka Mwalimu alipotangaza kwamba sehemu ya kijijini tutakwenda kuirekodi hukohuko milimani.

Jumatano alfajiri tulipanda treni ya umeme. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, Mwalimu, mpiga picha mmoja, na ngoma tatu ambazo askari wa stesheni alizikagua kana kwamba zina watu ndani. Nilikaa karibu na Zawadi, msichana mpole wa darasa letu anayeimba kwenye kundi la nyuma. Tulipopita Pugu akanigeukia.

"Mwamvua, bibi yako anatoka sehemu gani?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa."

Akatabasamu. "Sisi kwetu Bigwa, pale chini ya mlima. Ila mama yangu amezaliwa hukohuko juu tunakokwenda."

Chai ikanipanda puani. Nilipomaliza kukohoa nikamuuliza kwa sauti ya chini mbona yeye hakunyoosha mkono siku ile.

"Ulikuwa umeshanyoosha wewe," akasema.

Saa nne tulikuwa tumefika Morogoro. Gari la kukodi lilitufikisha Bigwa, dereva akazima injini na kutuonyesha mlima kwa kidevu. Kutoka hapo ni miguu. Njia inapita kwenye migomba, halafu kwenye bustani za mboga zilizokatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na kila tulipodhani tumefika, wanawake wenye matenga kichwani walitupita wakishuka, wakitusalimu bila hata kuhema. Wenzangu waliacha kuimba baada ya kona ya tatu. Mimi nilikuwa naomba mlima uendelee tu, usiishe.

Uliisha saa saba, uani kwa Bibi Fausta. Huyu alikuwa mkulima wa mboga na kiongozi wa kwaya ya kigango chao, mama mfupi, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Shamba lake ndilo tuliloomba kulitumia. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba, na hapo Mwalimu akanisukuma mbele.

"Bibi, huyu ni mjukuu wenu kabisa. Damu ya hukuhuku."

Bibi Fausta akafurahi, akaniambia jambo kwa Kiluguru. Nikaitikia, "Ee." Akaongeza jingine, refu kidogo. "Ee, Bibi." Akanitazama, akasema la tatu polepole. "Ee!" nikasema kwa nguvu zangu zote. Akapiga makofi na kutukaribisha ugali.

Tulipokwenda kunawa, nikamkamata Zawadi. "Alikuwa anasema nini?"

"Kwanza aliuliza kama umechoka. Halafu akauliza kama kesho asubuhi utamsaidia kushusha kabichi mpaka Bigwa."

"Na la tatu?"

Zawadi akaziba mdomo kwa kiganja. "Alisema, 'Mwanangu, wewe Kiluguru hujui hata kidogo, au siyo?'"

Alhamisi kulipokucha nilikuwa na tenga kichwani na shingo iliyoingia mabegani. Bibi Fausta alitangulia, akiruka mawe kama msichana. Hakunisema. Alisubiri mpaka tulipotua mizigo kupumzika.

"Mwalimu wako hajui?" akauliza, sasa kwa Kiswahili.

"Hajui, Bibi."

"Na yule mtoto wa Bigwa?"

"Zawadi anajua kila kitu. Amenyamaza tu."

"Anaimba?"

"Anaimba nyuma."

Akatikisa kichwa. "Mimi simwambii mtu. Lakini mchana mnaimba shambani kwangu, na wanawake wenzangu wanakuja kutazama. Wao hawana adabu kama yangu."

Saa nane mchana walikuwepo, wamejipanga juu ya matuta na kanga zao, kama hamsini hivi. Wimbo ulikuwa wa kuomba mvua, wa Kiluguru, na nilikuwa nimeukariri kutoka kwenye simu kwa mwezi mzima. Kamera ikawashwa. Nikainua mikono, nikaimba kwa hisia, macho nimefumba. Ubeti wa kwanza wanawake walisikiliza. Wa pili, mmoja alikaa chini ghafla. Wa tatu, vicheko vikashuka matuta yote mpaka bondeni. Baadaye nilielezwa kwamba niliyavuta maneno vibaya, nikawa naiomba mvua ituletee kitu ambacho mvua haileti, na ambacho Bibi Fausta alikataa kukitaja mbele ya vijana.

"Mwamvua!" Mwalimu akaita. "Wanacheka nini?"

Ningeweza kusema jua limenipiga. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona Zawadi nyuma ya ngoma, anacheka kama wengine huku midomo yake inaurudia ubeti ule taratibu, sawasawa.

"Mimi si Mluguru, Mwalimu," nikasema. "Sina bibi huku. Nilidanganya ili nichaguliwe."

Mwalimu Bakari alivua kofia, akaivaa tena. Nilijua anaweza kunirudisha Dar jioni ileile. Akatazama jua, akatazama kamera.

"Nani anaweza kuuimba?"

Nikamwonyesha Zawadi. Yeye akainamisha kichwa, akasema hawezi, mbele ya watu hawezi. Nikaenda nikamshika mkono. "Uliniachia nafasi yako kwa kunyamaza," nikamwambia. "Sasa ichukue, kabla sijaghairi."

Alianza kwa sauti ndogo, akitazama miguu yake. Ubeti wa pili akanyanyua uso. Wa tatu, wanawake walionicheka mimi wakaanza kuitikia, na Bibi Fausta akashuka kutoka tuta la juu anacheza. Masikio yangu yaliwaka kwa wivu. Nilipiga makofi hivyohivyo, na ajabu ni kwamba nilikuwa napiga kwa dhati.

Mwalimu akanijia. "Wewe utacheza yule wa mjini anayemcheka mgeni. Nitamwandikia kipande cha hapa shambani. Nafasi hiyo haihitaji asili."

Ijumaa nilimcheka Zawadi mbele ya kamera kwa ufundi mkubwa, nikateleza nikiwa katikati ya madaha, nikatumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia mboga. Mwalimu hakusema "kata". Alipomaliza kucheka aliniomba nirudie.

Jumamosi tulirudi. Ndani ya treni Zawadi alinifundisha salamu za kwao, akinisahihisha bila huruma. Nilikuwa nimegundua kwamba kumsikia mwenzako akiimba unachokitaka wewe kunauma kwelikweli, na maumivu hayo hayakuzuii kumpenda.

Nyumbani Tabata mama alinipokea mlangoni, nyuma yake majirani wanne, wote wamekuja kumwona nyota.

"Haya, mwanangu, tuambie. Wewe ni nani kwenye filamu?"

"Mimi ndiye ninayeanguka mtaroni."

Majirani wakatazamana. Mama akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mgongo.

"Unaanguka vizuri?"

"Sana, mama. Mwalimu alitaka nianguke mara tisa."