Programu Isiyo na Jina la Maweu

Maweu alikuwa na miaka thelathini na minne, na ukiondoa kitambulisho, hakuna kitu duniani kilichokuwa na jina lake. Ukimuuliza mamake hapo Kitengela, atakwambia mwanawe anafanya kazi ya kompyuta. Ukweli ni kwamba aliwafanyia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, nao wakazipeleka kwa walimu kama zao. Yeye mwenyewe aliacha chuo mwaka wa pili, babake alipofariki. Tangu hapo alikuwa amehitimu mara arobaini hivi, kila mara kwa jina la mtu mwingine.

Kisha kampuni ndogo mjini Kajiado, inayotengeneza programu za kusimamia visima, ikatangaza nafasi bila kudai digrii. Ufaulu mtihani, basi. Maweu aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka chochote. Alitaka mtu amtazame usoni na kumwambia, hii umeifanya wewe.

Mtihani aliufanyia nyumbani. Swali lilihusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Chukua 197. Hamisha tarakimu ya kwanza uipeleke mwisho, unapata 971, halafu 719, na zote ni tasa. Andika programu ihesabu namba za aina hiyo ziko ngapi chini ya milioni moja.

Maweu alicheka peke yake, maana swali hilo alilijua kama njia ya kwenda chooni. Wengine huiacha kompyuta izungushe kila namba mpaka ichoke. Yeye, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alikaa na kalamu akagundua kwamba namba ndefu yenye tano ndani yake, au tarakimu yoyote inayogawanyika kwa mbili, haina haja ya kujaribiwa. Ukizungusha, tarakimu hiyo itafika mwisho na namba haitakuwa tasa tena. Hizo alizipepeta kwanza, na orodha ya zilizobaki akaiita ungo. Sasa alichapa mistari ishirini bila kusimama, akapata hamsini na tano, akaituma programu.

Wiki iliyofuata Gathoni, mwenye kampuni, alimwita Kajiado. Maweu alipiga shati pasi mara mbili. Gathoni aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya Maweu. Nyingine alikuwa ameitoa kwenye mtandao, ambako kijana mmoja wa ng'ambo aliionyesha miaka sita iliyopita kama kazi yake ya chuo. Zilifanana mstari kwa mstari, hadi neno ungo, na kijana huyo hata habari ya Kiswahili hakuwa nayo. Chini ya picha yake palikuwa na cheo: mhandisi mkuu.

"Maweu, wewe ndio ulitoa kwake," Gathoni aliuliza, "ama ni yeye alitoa kwako?"

Maweu aliona mitego miwili. Akikana kuwa ni yake, ni mwizi. Akikubali kuwa ni yake, biashara yake yote iko wazi. Kudanganya kulikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini alikuwa amechoka kujificha, na kuiona kazi yake chini ya uso wa mtu mwingine.

"Ni yangu, Madam," alisema. "Nilimwandikia. Nimeandikia wengi, miaka kumi na moja sasa."

Gathoni alikunja karatasi taratibu. Alisema anamwamini, na hapo ndipo shida ilipo.

"Ungesema ulikopi, ningekupa mtihani ingine. Watu hukopi wakiwa na woga, wanajifunza. Lakini mtu ameuza kazi ya shule miaka kumi na moja, hiyo siwezi."

Hakumfokea, na Maweu angependa sana afokewe. Alimshukuru, akainuka. Alikuwa ameshika kitasa Gathoni aliposema, kwa sauti ya mtu asemaye kweli, kwamba katika mitihani yote aliyosahihisha hiyo ndiyo programu nzuri kuliko zote.

Miaka kumi na moja Maweu alikuwa amengoja mtu amwambie hivyo. Sasa ameambiwa, na iliuma kuliko kama angeitwa mwizi. Alisema, "Asante, Madam," akafunga mlango.