Samaki Niliowatia Bwawani

Msinicheke kabla sijamaliza. Tulikuwa wageni Maskati, tumetoka Unguja juzi, na kazi yangu kwa mhandisi mmoja Mwingereza ndiyo iliyotulisha mimi na mama yangu. Joto lilipoanza, akaniamuru nilitayarishe bwawa lake la kuogelea, lile la turubai lililosimama uani juu ya ardhi. Nikalisugua, nikalijaza, nikatia dawa ya unga ya kusafishia maji. Kisha, kama tufanyavyo kwetu kwenye birika la kuhifadhia maji, nikatia samaki wadogo watano wamalize viluwiluwi vya mbu.

Asubuhi niliwakuta wanaelea, matumbo meupe kama asumini. Na mke wa mhandisi yumo ndani, maji yamemfika kifuani.

Nimemuua! Nikajitosa na kanzu yangu, nikamvuta mkono. "Toka, bibi! Maji yana sumu!"

Alikulia Mombasa, Kiswahili anakijua. "Dawa hii haiui watu, Saidi," alisema, akimtazama samaki aliyenasa kwenye kanzu yangu. "Hawa nani kawaleta?"

Mpishi, Bi Zuwena, akanijibia kutoka jikoni:

"Mwenyewe huyo! Jana kaja nao koponi, anawabembeleza njia nzima!"