'Kula ya Nyati': Ngendo anavyotafutia maji wanyama wa Kilimambogo

Saa tatu asubuhi, Kamakis, kando ya mji wa Ruiru, bado inanuka moshi wa jana. Vijana wa nyama choma wanasugua meza na kumwaga maji machafu kando ya barabara. Katikati yao anapita mama mfupi mwenye kofia ya sufu na begi begani, akisalimia bucha baada ya bucha.

"Sasa, Mwas," anamwita kijana aliyeshika kisu.

"Poa, shosh. Umekuja kutulipisha ushuru wa nyati?"

"Wewe unachoma waliokufa, mimi nanywesha walio hai. Leta."

Mwas anacheka mpaka kisu kinatikisika, kisha anatoa mia mbili. Hivi ndivyo Ngendo Gachau, 58, mshonaji wa sare za shule mjini Thika, anavyochangisha fedha za mbuga ya kitaifa. Yeye ndiye mwenyekiti wa Marafiki wa Mlima, shirika dogo lisilo la faida linalopeleka maji kwa wanyama wa mbuga hiyo, kwenye mlima wa Kilimambogo. Shirika halina ofisi. Mikutano hufanyika katika kibanda chake cha ushonaji, na wanachama wakizidi watano, waliobaki hukalia ndoo nje.

Kinachomkosesha usingizi kwa sasa ni kidimbwi kimoja cha saruji. Shirika limeshajenga viwili mlimani. Cha tatu, upande wa Ngoliba, kimekwama kwa kukosa shilingi 230,000 za paipu, na kwa fundi anayepata shilingi 900 siku biashara ikiwa nzuri, hizo si pesa za kuchomoa mfukoni. Kiangazi cha Januari nacho kinakuja. Maji yakikauka juu, nyati hushuka mtoni kupitia mashamba ya watu.

Ngendo anajua vizuri mno yanayotokea wakishuka.

"Ilikuwa '84, ule mwaka wa njaa," anasimulia akiwa amesimamisha cherehani. "Kaka yangu Wanyoike alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliamka akaenda mtoni kuchota maji. Nyati naye alikuwa anatoka huko kunywa. Wakakutana kwa njia."

Anang'oa uzi kwenye kola ya shati la mtoto asiyemjua.

"Watu wananiuliza, kwani wewe huna uchungu na hao wanyama? Uchungu niko nao. Lakini yule nyati hakuwa anatafuta Wanyoike. Alikuwa na kiu, na Wanyoike pia alikuwa na kiu."

Kabla ya mwaka huo, mlima ulikuwa uwanja wao wa michezo. Wanyoike alimfundisha kusoma nyayo za wanyama: hizi za nyati, hizi za paa, hizi za mbuzi wa jirani aliyepotea. Asubuhi za Julai mlima ulijifunika ukungu, nao walikaa mlangoni na uji wakibishana ungefunuka saa ngapi. Ngendo anakiri kwamba mpaka leo, kukiwa na baridi, hujikuta akimngojea kaka yake aanze ubishi.

Aliolewa Ruiru mwaka wa 1988, na huko nako mlima haukumwacha. "Siku hizo ukitoka kanisani unauona wote, ng'ambo ya mibuni," anasema. "Saa hii mibuni imekuwa magorofa. Mtoto wa Ruiru ukimwambia Kilimambogo, anadhani ni steji ya matatu."

Shirika lenyewe lilizaliwa kwa makosa ya ulimi. Mwaka wa 2011 Ngendo alipanga kura ya kuchangisha fedha za maji ya wanyama: unanunua tiketi ya shilingi mia, na mshindi anapelekwa mlimani kuwaona nyati. Alimwomba karani wa kanisa, Mzee Mburu, atangaze. Mzee huyo, kama wengi wetu wa huku, alikuwa na ugomvi wa maisha na herufi mbili, r na l. Akasimama mbele ya waumini na kutangaza kwa sauti nzito: Jumamosi kutakuwa na kula ya nyati.

"Haiya! Watu walikuja na sufuria," Ngendo anasema, akifuta machozi ya kicheko. "Watu kama mia tatu! Apiyo wa shamba la kahawa alikuja na ugali moto umefungwa kwa kitambaa, akaniuliza supu iko wapi."

Maafisa wawili wa wanyamapori nao walifika kuuliza ni nani amechinja nyati.

Ngendo alitamani ardhi immeze. Ilipokataa, alipanda juu ya kiti na kwa mara ya kwanza akasimulia hadharani kifo cha Wanyoike. Apiyo ndiye aliyeanza kukata ugali wake vipande, mwingine akaenda kununua sukuma wiki, na kura ikapigwa watu wakiwa wameshiba. Aliyedai kurudishiwa mia yake alikuwa mmoja tu.

"Na huyo ni mjomba wangu," anasema.

Tangu hapo, kila Septemba huwa na Kula ya Nyati, na jina hakuna anayetaka kulirekebisha. Mzee Mburu aliaga dunia mwaka wa 2020. Siku hizi tangazo hutolewa na kijana mwenye Kiswahili safi, na Ngendo husema halina ladha. "Yule mzee nimemmiss sana," anasema.

Mwezi uliopita alikwenda Ngoliba kumwambia mama yake, Bibi Wanja mwenye miaka 84, kwamba shimo la kidimbwi cha tatu limeshachimbwa.

"Aliniuliza kitu moja tu: 'Watakunywa huko huko juu?' Nikamwambia, ĩĩ, maitu, ndiyo mama, huko huko juu."

Karibu na mto, familia ina kipande cha shamba ambacho jembe halijakigusa tangu Wanyoike afe hapo. Hakuna aliyewahi kupiga marufuku, ila watoto walikua wakikizunguka. Jumapili iliyopita Bibi Wanja alipiga simu. Alitaka kilo mbili za mbegu ya mahindi, za kupanda kule chini mtoni mvua ya Machi ikianza.

"Nilizima simu nikalia," anasema Ngendo. "Mbegu nimenunua, ziko kwa nyumba. Sasa niambie, nitampelekea aje akapande kwa njia ya nyati kabla hizo paipu hazijaingia?"