Sauti Niliyoichukua kwa Mzee Salim

Sitaanza kwa kujitetea, kwa sababu kila nikijaribu kuisimulia habari hii kwa kujitetea naishia pale pale, nimesimama mbele ya bucha na pakiti ya sukari mkononi (nilibeba sukari, ndiyo, kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa), foleni nzima inanitazama, na sauti inayotoka kinywani mwangu si yangu. Basi nikubali mapema. Nilijiaibisha Majengo, siku ya Ijumaa, saa ambayo kila mtu yuko nje, na aibu yenyewe haijaisha hadi leo ninapoandika.

Mimi ni mtu wa Kianjokoma, kule Embu, lakini kazi yangu iko Meru mjini, ninasoma habari katika redio moja ndogo. Ni kazi ya kuwa mtu asiye na kwao. Nilipoajiriwa niliambiwa niondoe ile m tunayoitanguliza kwenye b na ile n tunayoiweka mbele ya d, nikaondoa, nikaondoa, mpaka siku hizi mama yangu akifungua redio huuliza ni nani huyo anayetumia jina la mtoto wake. Nimekodi chumba Majengo, ghorofa ya kwanza, na chini yangu kabisa ni bucha ya Mzee Salim.

Mzee Salim alizaliwa Majengo, na babu yake alifika Meru kutoka mbali (wapi hasa, inategemea anakusimulia siku gani). Kiswahili chake kina maneno ya pwani yaliyopanda mlima yakazoea baridi, na mwendo wake ni wa Kimeru, anaivuta silabi ya mwisho kama anayevuta ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Kila asubuhi niliamshwa na wito wake: "Kuja mama, kuja mwalimu, nyama bado inaongea." Mimi aliniita mtangazaji. Nilipougua mwezi wangu wa kwanza pale, aliniletea supu ya mifupa mwenyewe hadi mlangoni. Sijawahi kumwona amekasirika. Mteja akirudisha nyama na maneno makali, yeye huomba radhi na kumwongezea mfupa. Na kwa sababu ya sauti hiyo, familia za Majengo zikiwa na harusi humpa yeye azungumze kwa niaba yao, na akisimama hata watoto hunyamaza. Kumbukeni hilo.

Sasa, kuna vijana Nairobi walikuwa wanatengeneza gemu ya simu. Mwendesha boda boda amebeba trei za mayai anapita miji ya Kenya, na katika kila mji anamgonga mtu mmoja, na mtu huyo anamfokea kwa lafudhi ya pale. Walikuwa wamempata mama wa mahamri wa Mombasa na muuza samaki wa Kisumu. Wakakosa mchinjaji wa Meru. Mwenzangu wa redio akawapa namba yangu, na msichana mmoja, Terry, aliyekuwa anasimamia kurekodi, akanipigia akaniuliza, "Wewe ni wa huko Meru, sivyo?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana, mimi ni Mwembu, na Mwembu na Mmeru si mtu mmoja. Lakini ukimweleza mtu wa Nairobi jambo hilo huwa anangoja umalize ili aendelee. Nikasema ndiyo, ni huku huku.

Studioni nilianza na sauti yangu ya redio. Terry akasema hiyo ni taarifa ya saa moja. Nikajaribu ya nyumbani, nikarudisha zile m na n zote nilizokuwa nimezifukuza, nikajiona nimefanya kazi, naye akatikisa kichwa nyuma ya kioo akaniambia bado haisikiki Meru, niongeze. Niongeze nini? Nilitoka jasho. Nikafumba macho, nikaiona bucha, ndoano, na yule mzee na aproni yake, nikafungua mdomo, na Mzee Salim akatoka mzima mzima. Nyuma ya kioo watu walisimama.

"Hiyo hiyo," Terry akasema. "Sasa kasirika. Wameru si wana hasira?"

(Nairobi wanajua mambo mawili kuhusu Meru, na la pili ni miraa.) Ningemwambia kwamba mwenye sauti hii hana hasira, lakini nilikuwa nimeshasifiwa, na mtu aliyesifiwa ni mgumu kumsimamisha. Nikakasirika kwa sauti ya Mzee Salim. Nikafoka kwamba nitamkatakata mtu, nikafoka taratibu, nikafoka kwa nguvu, nikaanguka juu ya meza, nikalia kama aliyegongwa na pikipiki, kila kitu tena na tena ili wachague. Mwishoni wakauliza kama kuna neno ambalo mchinjaji wa huko hulisema. Nikawapa. "Nyama bado inaongea." Wakanitaka niliseme kama mtu aliyeinua panga, nami nikaliinulia panga.

Sikumwambia Mzee Salim. Nilijipa moyo kwamba gemu ni za watu wa Nairobi, mimi ambaye nalipwa kujua watu wa hapa wanafanya nini. Shule zilipofungwa nikaisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwenye ngazi za nyumba yetu, simu ya mtoto ikifoka kwa sauti yangu ambayo si yangu. Baada ya muda mfupi watoto wakipita buchani wakawa wanamwambia, "Mzee, kasirika kidogo." Alicheka nao. Hakujua wanacheka nini.

Halafu ikaja harusi ya binti wa jirani yetu. Mzee Salim alisimama chini ya hema kuzungumza kwa niaba ya familia ya bibi harusi, akavuta pumzi, akasema, "Ndugu zangu," na kabla hajaendelea kijana mmoja nyuma akaitoa ile ya panga, nyama bado inaongea, na hema lote likaangua kicheko. Mzee akatabasamu, akangoja, akaanza tena. Wakacheka tena, kwa sababu sasa kila neno lake lilifanana na gemu. Hata wageni waliokuja kuchukua mke walikuwa wanajifuta machozi. Alimpa mtu mwingine kipaza sauti, akakaa. Mimi nilikuwa pale pale nyuma na sahani ya pilau mapajani. Sikusimama.

Kesho yake akanishika mkono mlangoni pa bucha. Alidhani kuna mtu alimrekodi kisirisiri. "Mtangazaji, wewe unajua mambo ya kurekodi. Nitafutie ni nani aliyeniweka huko."

Nikamwambia nitaulizauliza.

Sikulala vizuri tena. Nikaamua kukiri, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nilipanga maneno kama taarifa ya habari: salamu, kosa, radhi, na nitakalofanya. Nilipanga pia saa, Ijumaa asubuhi kabla ya wateja. Lakini asubuhi hiyo meneja aliniweka redioni, nikatoka watu wakiwa wametoka kuswali, foleni ya bucha imefika barabarani. Nikageuka nipande zangu chumbani. Mzee Salim akaniona.

"Mtangazaji! Umempata?"

Foleni yote ikageuka, kwa sababu kumbe alikuwa amewaambia wote kwamba nachunguza.

Niwaeleze kitu kuhusu mimi. Nikiogopa, naongea kama mtu aliye mbele yangu. Nikimtembelea shangazi yangu aliyeolewa Kanja narudi nyumbani naongea kama mume wake, na sijui ni lini nilianza. Basi nilifungua mdomo nikitafuta ile sauti ya redio, iliyonyooka, ya mtu mwenye heshima zake, na ikatoka ya Mzee Salim, na silabi ya mwisho imevutwa vilevile.

"Mzee, aliyefanya ni mimi."

Kijana wa boda boda anayeitwa Kinoti, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, akasema polepole, "Manze, ni yeye. Ndiye huyu wa gemu." Simu zikatoka mifukoni.

Nilikohoa nikaanza upya. Ikatoka ile ile. Nikajaribu kuibana, ikazidi, na maneno niliyoyapanga yakatoka kwa mpangilio ule ule, salamu, kosa, radhi, yote kwa sauti ya mtu ninayemwomba radhi, mbele yake, kama mchekeshaji aliyelipwa. Wakacheka. Mmoja akaniomba nikasirike kidogo tusikie. Mama mmoja mbele yangu hakucheka, akaniuliza, "Wewe, unamwigiza mzee huku anakutazama?"

Mzee Salim aliweka kisu chini.

"Sauti ni yangu, naijua," akasema. "Lakini hizo hasira ulizitoa wapi? Umewahi kuniona nazo?"

"Hapana, Mzee," nikasema. Hata hiyo nilisema kwa sauti yake.

Akanitazama kidogo, akachukua kisu. "Haya. Anayefuata."

Nilipanda ngazi na sukari yangu. Kufikia jioni video ya radhi yangu ilikuwa imezunguka mji, na wiki iliyofuata meneja akanipumzisha kusoma habari, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanatuma ujumbe wakimtaka mchinjaji. Nilimpigia Terry nikamsihi wamtoe. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mchinjaji ndiye anayependwa kuliko wote, kuna sehemu ya pili inakuja, na nisipotaka kurekodi nisijali, wana sauti yangu ya kutosha, wataiunganisha.

Nimeapa sitavaa tena sauti ya mtu aliye hai. Nikitakiwa lafudhi, nitatoa ya Kianjokoma na m zake zote, na isipotakiwa nirudi nyumbani. Najua kiapo hiki hakimsaidii mtu.

Mzee Salim bado ananiuzia nyama. Haniibii kipimo, haniiti mtangazaji. Na haiti wateja tena. Siku hizi asubuhi hugonga ndoano kwa mgongo wa kisu, basi, anayesikia asikie. Mimi huwa nimelala chumbani kwangu huku juu nikisikiliza. Kisha mtoto fulani aliyetumwa nyama hufika na simu ya mama yake, gemu ikiwa imewashwa, na wito unapaa ukutani hadi dirishani kwangu kama zamani, nyama bado inaongea, na anayeita ni mimi.